Mbwa Anayeitika Hahitaji Kamba

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Laiti ningalilikumbuka neno hilo mapema, mtoto wa jirani yangu hangalitumbukia mtaroni asubuhi ile akienda shule.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Nilikuwa na mbwa mchanga aitwaye Simba, umri wake miezi saba. Boma letu liko kando ya njia iendayo Keroka, mji ule wa mpakani ambao upande mmoja ni Kisii na upande wa pili ni Nyamira. Nilimfungua mnyororo ili anyooshe miguu. Watoto wa shule wakapita wakikimbia, naye akatoka mbio nyuma yao. Niliita, "Simba, njoo!" Nikaita tena na tena, na mara ya sita nilikuwa ninatukana. Simba hakugeuza hata sikio. Hakumwuma mtu, kwani alitaka kucheza tu, lakini mtoto atajuaje tofauti ya mbwa anayecheza na mbwa anayewinda? Mvulana mmoja wa miaka minane alirudi nyuma kwa hofu, akaanguka mtaroni. Sare ilijaa tope na mkono ukachubuka.

Jioni mama yake alikuja. Hakupiga kelele. Aliuliza swali moja tu: "Mzee, katika boma hili mkubwa ni wewe au ni mbwa?"

Sikuwa na jibu.

NAFASI IMEKWISHA

Ndugu msomaji, usinicheke upesi. Mbwa wa namna hiyo wamejaa katika vijiji vyetu, na kosa lao limekuwa kubwa kwa sababu nchi imejaa watu. Zamani vijana wa Abagusii walilala na ng'ombe katika kambi za malisho zilizoitwa ebisarate, mpaka serikali ya kikoloni ilipozivunja mwanzoni mwa karne ya 20. Siku hizo esese, yaani mbwa, akikimbia nusu maili mbele yake zilikuwa nyasi tu. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019, Kisii ilikuwa na watu 1,266,860 na Nyamira watu 605,576. Kwa Kisii, hiyo ni zaidi ya watu 900 katika kila kilomita moja ya mraba.

Mashamba yamegawanywa baina ya wana na wajukuu. Ng'ombe wa gredi analetewa majani zizini. Mbwa akitoka hatua ishirini yumo tayari katika migomba ya mtu mwingine, na kuku wa mtu mwingine wanamtazama. Akifika barabarani anakutana na bodaboda inayoteremka mlima kwa kasi. Mwenye kuku naye hana subira nyingi: leo atakuja kulalamika, kesho ataweka sumu.

Ndiyo maana wengi wetu humfunga mbwa mchana kutwa na kumfungua usiku. Lakini mnyororo haumfundishi mbwa kitu ila kuutamani uhuru. Siku ukikatika, anaondoka kama mfungwa aliyetoroka, na wewe unayeita nyuma yake ndiye askari jela.

NANI ALIYEMFUNDISHA KUTORUDI?

Nilimweleza taabu yangu mzee mmoja wa pande za Borabu, ambaye alichunga ng'ombe tangu utotoni na ambaye mbwa wake huja kwa mluzi mmoja. Aliniuliza, "Mara ngapi ulimwita ukampa kitu? Na mara ngapi ulimwita ukamfunga?"

Hapo nikapatwa na haya. Kwangu mimi neno "njoo" lilikuwa na maana tatu: mnyororo, dawa ya kupe, au kiboko. Simba hakuwa kiziwi wala mkaidi. Alikuwa amelielewa neno langu vizuri sana.

Mrusi Ivan Pavlov, aliyepewa tuzo ya Nobel mwaka 1904, alionyesha kwamba mbwa akizoea kusikia sauti fulani kabla ya kupata chakula, mwishowe atatokwa na mate kwa kuisikia sauti hiyo peke yake. Maana ya sauti kwa mbwa ni kile kinachoifuata. Ukimwita mbwa aliyekula yai, akaja, ukampiga, wewe unadhani umemwadhibu kwa yai. Yeye anajua amepigwa kwa kuja.

NJIA YENYEWE

Mzee alinishauri niliache neno "njoo" moja kwa moja, kwa kuwa lilikwisha kuharibika, nianze upya kwa mluzi. Mluzi unafika mbali, tena hauonyeshi hasira. Aliye na mbwa mchanga asiyeharibiwa bado anaweza kutumia neno lolote, mradi nyumba nzima itumie hilo hilo. Si baba aseme "njoo", watoto waseme "inchwo", na mgeni apige makofi.

Kazi huanza kijibwa akiwa na wiki nane hivi, pindi anapoachana na mama yake. Umwite anapokuwa karibu na amekwisha kukutazama, na akifika mpe kitu akipendacho: kipande cha ini, omena mkavu, au ukoko wa ugali. Fanya hivyo mara chache asubuhi na mara chache jioni, dakika mbili tatu zatosha. Sahani yake ya chakula nayo isitoke kabla ya mwito.

Ita mara moja. Ukiita mara kumi, mwito wako unakuwa kama mvua juu ya mabati: mbwa anausikia lakini haumhusu. Asipokuja, usimkimbilie, maana atadhani ni mchezo na miguu yake ni minne. Chuchumaa, au mpe kisogo ukimbie upande wa pili. Mbwa mchanga hapendi kuachwa.

Akizoea ndani ya boma, tafuta kamba nyepesi ya mita kumi. Ifunge kwenye mkanda unaozunguka kifua, si shingo, kisha umwache aiburute. Usimvute kwa nguvu; kamba ipo ili asiweze kukimbilia mbali akajifunza kwamba kukataa kuna faida. Anza uani, halafu shambani, halafu njiani pasipo na watu, mwisho karibu na mbuzi waliofungwa. Ongeza jaribu moja kwa wakati mmoja. Akishindwa, rudi hatua moja.

Tena mwite, mpe chake, umwachilie aende kucheza tena. Hili wengi hatulifanyi. Kama mwito ni mwisho wa raha kila siku, mbwa mwenye akili atauepuka. Akija mara kumi, mara tisa na aachwe huru.

Sheria ya mwisho ndiyo ngumu kwa sisi wenye hasira: mbwa aliyerudi haadhibiwi, hata kama ana manyoya ya kuku mdomoni. Meza hasira yako, umpokee.

KUKU NA UJANA

Kuhusu kuku, usimruhusu kijibwa awafukuze hata mara moja kwa kicheko. Kufukuza kwenyewe ni utamu kwake, na omena wako hautashinda utamu huo. Keti naye kambani mbali na kuku, na kila anapoacha kuwatazama akakutazama wewe, mpe kitu. Siku zikienda, sogea karibu.

Jihadhari pia na ujana. Kuanzia miezi sita mpaka kama mwaka mmoja na nusu, mbwa aliyekuwa msikivu huziba masikio. Hapo wengi hukata tamaa wakarudia kiboko. Rudia kamba. Dume naye akihasiwa na daktari wa mifugo hupunguza kuzurura.

Wako watakaosema haya ni mambo ya Wazungu. La hasha! Katika msitu wa Ituri, mashariki mwa Kongo, wawindaji huwatumia mbwa wadogo wasiobweka, ambao Wazungu waliwaita basenji. Huwavisha njuga ya mti shingoni ili wasikike msituni, wakawaacha huru. Je, wawindaji hao wangepata nyama kama mbwa wao wangehitaji kushikwa mkono?

MAISHA YA WATU

Jambo hili linagusa uhai pia. Kichaa cha mbwa kikishamwonyesha mtu dalili, kupona ni kama hakuna, na karibu watu wote wanaokipata hukipata kwa mbwa. Mwaka 2014 Kenya ilitangaza mpango wa kuwaondolea watu ugonjwa huu ifikapo mwaka 2030, na nguzo yake ni chanjo, angalau kwa mbwa 70 katika kila 100. Lakini nani atamchanja mbwa asiyeshikika? Siku ya chanjo utawaona wanaume watatu wakimsaka mbwa mmoja katika majani chai. Anayeitika huja, akachomwa sindano, akapewa ini, akaenda zake. Na mtu akiumwa, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali bila kungoja.

Nisikudanganye: hakuna mbwa wa kuaminiwa siku zote. Sokoni, na siku ya Sabato barabara inapojaa waumini, Simba hukaa kambani hata leo.

Yule mvulana wa mtaroni sikumsahau. Nilimwomba mama yake ruhusa, na kwa wiki nyingi mtoto alisimama mbali akirusha omena, Simba akiwa kambani. Baadaye akawa anaupiga ule mluzi mwenyewe, na Simba akawa anakwenda kwake taratibu na kuketi.

Simba alipokuwa na miezi kumi na saba, paka alivuka njia kuelekea barabarani, naye akamfuata. Mimi nilikuwa mbali, chini shambani. Nilisikia pikipiki ikiteremka, nikajua sitawahi. Ndipo mluzi mmoja ukalia kutoka kwenye migomba ya jirani. Simba akageuka kama aliyevutwa, akarudi mbio, pikipiki ikapita nyuma yake na vumbi lake.

Mvulana alikuwa amesimama uani, mkono mfukoni, akitafuta omena ambaye hakuwa naye. Mama yake alitoka jikoni, akanitazama nikipanda mlima huku nikihema.

"Basi mzee," akasema, "lile swali langu limepata jibu. Mkubwa ni mwanangu."