Majumba ya Masultani na Mwambao wa Unguja kwa Siku Moja

Majumba ya kale ya masultani wa Unguja yalijengwa karibu yote upande wa magharibi wa kisiwa, ule unaotazamana na bara. Mawili yamo Mji Mkongwe, mbele ya bandari. Mengine ni magofu yaliyo kati ya barabara ya Bububu na bahari, na juu ya kilima cha Kidichi imebaki hamamu iliyojengwa kwa ajili ya mke wa sultani. Kutoka bandarini hadi Mangapwani, ambako ziara nyingi huishia, hakufiki kilomita 30. Ndiyo maana kundi la watu sita hadi kumi, lenye gari moja na mwongoza watalii mmoja, huweza kuondoka mjini asubuhi na kurudi kabla ya Magharibi likiwa limeyaona yote bila pupa.

Majumba hayo yalifuata vitu viwili: bandari na maji matamu. Upande wa magharibi una kina cha kutosha na umekingika na mawimbi makubwa ya Bahari ya Hindi. Kaskazi ilipovuma, kuanzia Desemba hadi Machi, majahazi yalishuka kutoka Uarabuni, Ghuba na Bara Hindi. Kusi ilipoanza yalirudi yamebeba pembe za ndovu, karafuu na watumwa. Ushuru wa shehena hizo ndio uliolisha utawala, na sultani alipenda kukaa mahali ambapo angeona kila tanga linaloingia. Maji nayo yalihitajika kwa kunywa, kupika, kutawadha na kukoga, na mwambao huo una vijito na chemchemi. Mgeni atakayeyatazama majumba kama kuta tu, bila kuuliza maji yalitoka wapi na baraza ilielekea wapi, atakuwa ameona nusu ya habari.

Mji Mkongwe: asubuhi mbele ya bandari

Ziara huanza mapema, saa mbili au saa tatu asubuhi, kabla jua halijawa kali. Kituo cha kwanza ni Beit al-Sahel, jumba jeupe linalotazama bahari karibu na bustani ya Forodhani. Jumba la awali lilijengwa zama za Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman aliyehamishia makao yake Unguja katika nusu ya kwanza ya karne ya 19. Linaloonekana leo kwa sehemu kubwa ni la baada ya vita vya 27 Agosti 1896.

Vita hivyo ni maarufu kwa ufupi wake. Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki 25 Agosti, na Khalid bin Barghash akaingia ikulu na kujitangaza mrithi bila ridhaa ya Waingereza. Walimpa muda hadi saa tatu asubuhi ya tarehe 27 ateremshe bendera yake. Muda ulipopita, manowari zao zikaanza kupiga mizinga, na katika dakika 40 hivi mambo yalikuwa yamekwisha. Khalid alikimbilia ubalozi wa Ujerumani. Mamia ya watu waliokuwa upande wake waliuawa au kujeruhiwa, jumba la jirani la Beit al-Hukm likabomoka, na Beit al-Sahel ikaharibiwa vibaya. Bahari iliyoleta mali mbele ya baraza ndiyo iliyoleta mizinga.

Baada ya kukarabatiwa, jumba likawa makazi ya masultani hadi Mapinduzi ya Januari 1964, Sultani Jamshid alipoikimbia nchi. Lilitumiwa kwa ofisi za serikali, kisha mwaka 1994 likafanywa makumbusho. Ndani yake mna samani za kifalme, picha za watawala na chumba kinachosimulia maisha ya Bibi Salme, binti wa Seyyid Said. Kando yake ni Makusurani, makaburi ya ukoo huo.

Hatua chache kusini ndipo palipo Beit al-Ajaib, lililojengwa mwaka 1883 na Sultani Barghash bin Said. Lilikuwa jengo la kwanza Unguja kuwashwa taa za umeme, na lilikuwa na lifti wakati watu wengi wa pwani hawajawahi kusikia kitu cha namna hiyo. Tarehe 25 Desemba 2020, ukarabati ukiendelea, sehemu ya jengo iliporomoka na wafanyakazi wawili wakapoteza maisha. Kwa sababu ya kazi za ukarabati, kiongozi mzuri huulizia mapema sehemu zilizo wazi kwa wageni siku hiyo, ili kundi lisifike na kukuta mlango umefungwa.

Maruhubi na Mtoni: magofu ya barabara ya Bububu

Kilomita chache kaskazini mwa mji, gari huingia kushoto kuelekea Maruhubi. Jumba la hapa lilijengwa na huyohuyo Barghash na kukamilika mwaka 1882, kwa ajili ya masuria wake. Moto wa mwaka 1899 uliteketeza ghorofa ya juu, iliyokuwa ya mbao, na nguzo nene za mawe zilizoibeba zikabaki zimejipanga safu kwa safu bila kitu juu yake. Mabafu pia yamesalia, pamoja na mabaki ya mfereji wa juu ulioleta maji jumbani na vidimbwi vya mayungiyungi.

Barghash aliyajua maji. Baada ya kushindwa kumpindua kaka yake Majid mwaka 1859, alipelekwa uhamishoni Bombay, na aliporejea na kutawala kuanzia 1870 hadi 1888 alijenga kama mtu aliyeona mji mkubwa. Alivuta maji ya mabomba kutoka chemchemi za upande wa Bububu hadi mjini, na akajenga hamamu ya umma katika mtaa ambao hadi leo unaitwa Hamamni.

Mtoni, mbele kidogo ya Maruhubi, ndilo jumba kongwe kuliko yote. Seyyid Said alilijenga kati ya 1828 na 1834, kando ya kijito kinachoingia baharini. Kuta zilizobaki ni chache, lakini maisha ya humo yanajulikana kuliko ya jumba lolote jingine, kwa sababu Bibi Salme alizaliwa hapo mwaka 1844 na akayaandika. Anaeleza ua mkubwa ambamo tausi, paa, mbuni na heroe walitembea huru, na mabafu yaliyojaa watu mchana kutwa. Kulikuwa pia na baraza ya mviringo iliyoelekea baharini, ambako baba yake alitembea huku na huko na kunywa kahawa. Kwa makadirio yake, watu kama elfu moja waliishi hapo, wengi wao watumwa na watumishi.

Salme alikuwa amejifunza kuandika kwa siri utotoni, na katika uasi wa 1859 akawa karani wa Barghash. Mwaka 1866 aliondoka Unguja baada ya kupata mimba ya mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete, akaolewa naye na kuitwa Emily Ruete. Kumbukumbu zake zilichapishwa Ujerumani mwaka 1886, naye alifariki huko mwaka 1924. Waongozaji wengi huijenga siku nzima juu ya maisha yake, kwani yanaunganisha karibu kila kituo cha njiani.

Jumba la Mtoni liliungua mwaka 1914. Mgeni anayefika bila msimulizi hukuta kuta, matao na magugu. Kiongozi anayejua kazi yake huonyesha ua ulikokuwa, mabafu yalikokuwa na mahali kijito kinapopita, na ghafla ramani ya nyumba inaeleweka.

Kidichi na mashamba ya karafuu

Baada ya Bububu barabara hupinda kuelekea mashariki na kupanda vilima vya karafuu, minazi na viungo. Hapa ndipo ziara huiacha bahari kwa muda, nako ndiko fedha zilikotoka. Seyyid Said aliwahimiza wenye ardhi wapande karafuu, na Unguja na Pemba zikawa wauzaji wakubwa wa zao hilo duniani. Mkazi wa Ekerenyo, katika kaunti ya Nyamira nchini Kenya, anaelewa upesi jinsi zao moja linavyoweza kuamua ada za shule na bei ya shamba, kwa kuwa majani chai hufanya hivyo huko. Tofauti ni kwamba karafuu za masultani zilichumwa na watu waliotekwa bara na kuuzwa.

Hamamu ya Kidichi ilijengwa mwaka 1850 kwa ajili ya Shahrizad, mke wa Seyyid Said aliyetoka katika ukoo wa kifalme wa Uajemi. Ndani mna chumba cha kubadilishia nguo na vyumba vya kukoga, na kuta zimenakshiwa maua na ndege kwa mtindo wa Kiajemi. Nakshi za ndege si jambo la kawaida katika majengo ya Waomani wa Unguja, na ni ushahidi wa ladha ya mwenye nyumba. Mashamba ya viungo yaliyo karibu huwapa wageni nafasi ya kuona mdalasini, hiliki na kungumanga zikiwa bado mtini, na wenyeji hupika pilau au samaki wa nazi kwa makundi yaliyotoa taarifa mapema.

Mangapwani: mwambao na sehemu yake nzito

Alasiri gari hurudi pwani. Mangapwani ina ufuko wa mchanga, miamba ya matumbawe na pango lenye maji matamu ambayo wenyeji wameyatumia kwa vizazi. Kipo pia chumba cha chini ya ardhi kilichochongwa katika mwamba, chenye njia nyembamba inayoelekea ufukweni. Mwaka 1873, kwa shinikizo la Uingereza, Barghash alitia saini mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini na kufunga masoko yake. Biashara haikufa siku hiyo. Iliendelea kwa magendo, na chumba cha Mangapwani kilitumika kuwaficha watu hadi jahazi lipate nafasi ya kuondoka. Utumwa wenyewe ulifutwa kisheria Unguja mwaka 1897.

Kituo hiki kinapokuja mwisho, siku hupata mizani yake. Nguzo za Maruhubi, mabafu ya Mtoni na nakshi za Kidichi zililipiwa na bandari na mashamba, na nyuma ya vyote viwili walikuwa watu waliopitishwa katika vyumba kama hiki.

Wanaotaka kuogelea watazame maji kwanza. Wakati wa bamvua, karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana. Wakati wa maji mafu tofauti huwa ndogo. Pwani ya magharibi huathirika kidogo kuliko ya mashariki, ambako maji yakipwa mtu hutembea mwendo mrefu kabla ya kuyafikia.

Kundi, kiongozi na adabu za mahali

Kundi dogo lina faida mbili. Gharama ya gari hugawanywa, na kila mtu husikia na kuuliza. Watu wakizidi kumi na watano, walio nyuma hupiga picha tu. Kabla ya kulipa, ni vyema kukubaliana kama bei inajumuisha gari, viingilio, chakula na maji ya kunywa.

Waongoza watalii Zanzibar hupewa leseni na Kamisheni ya Utalii, na aliyesajiliwa huwa na kitambulisho. Wanaowafuata wageni barabarani na kuwashika mikono huitwa papasi. Baadhi yao ni wacheshi na wanaijua njia, lakini asiye na leseni hana wa kumwajibisha mambo yakiharibika.

Mavazi yafunike mabega na magoti mjini na vijijini, na nguo za kuogelea zibaki ufukweni. Siku ya Ijumaa shughuli nyingi husimama kwa sala ya adhuhuri, na mwezi wa Ramadhani haipendezi kula hadharani mchana. Kumpiga mtu picha kunahitaji idhini yake.

Kutoka Ekerenyo

Milima ya Gusii, iliko Ekerenyo, haina kasri la kale, kwani Abagusii hawakuwa na sultani na mambo ya ukoo yaliamuliwa na wazee. Anayetaka kuona makao ya watawala wa zamani hana budi kusafiri, na ziara ya siku moja huanzia Mji Mkongwe, si nyumbani. Kwa basi, kundi la Ekerenyo laweza kupita Nyamira, Kisii na Migori, likavuka mpaka Isebania na Sirare, kisha likapitia Mwanza hadi Dar es Salaam. Huko boti ya kwenda Unguja huchukua takriban saa mbili. Njia nyingine ni ndege kutoka Nairobi, ambayo hutua Unguja baada ya zaidi kidogo ya saa moja. Mkenya hahitaji viza kuingia Tanzania, lakini anahitaji pasipoti na cheti cha chanjo ya homa ya manjano.

Masika, kati ya Machi na Mei, huharibu njia za mashambani, na mvua za vuli hufika karibu na Novemba. Walimu hupata nafasi likizo ya Agosti. Wakulima wa majani chai hupokea bonasi karibu na Oktoba, kabla vuli haijashika, na chama cha watu wanane waliochanga tangu mwanzo wa mwaka hutosha kujaza gari moja.

Wasiotaka kuvuka mpaka wanayo Gede, karibu na Watamu katika pwani ya Kenya. Huko kuna magofu ya kasri na msikiti mkuu wa mji wa Waswahili uliostawi katika karne ya 15, na mwaka 2024 UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Kasri la Gede liko kilomita kadhaa kutoka baharini, na humo zilichimbuliwa bakuli za China na shanga za Venice. Magofu, ufuko wa Watamu na mikoko ya Mida huonekana kwa siku moja kutoka Malindi, kwa utaratibu uleule: gari moja, kundi dogo na kiongozi anayeijua historia ya mahali.