USIICHEKE FIDLA, SIKU MOJA ITAKUHUSU

Hivi msomaji wangu, ukisikia fidla unawaza nini? Najua, wengi mtajibu taarabu ya Unguja. Wengine mtakumbuka sinema: mtu akifa tu, fidla inaanza kulia.

Mwenzangu wa chumba pale Geita naye alikuwa na mawazo hayohayo. Jamaa ni Msukuma wa Shinyanga, mcheshi ajabu. Tulipanga chumba kimoja, mbele baa inayopiga singeli mpaka usiku wa manane, nyuma karasha zinasaga mawe ya dhahabu. Mimi nikirudi kazini nawasha spika yangu ndogo, naweka sonata. Yeye anavua mabuti na kuuliza, "Mwanawane, nani kafa tena?"

Sonata, kwa taarifa yako, ni muziki usio na mwimbaji. Mara nyingi fidla na piano zinajibizana kama watu wawili wanaobishana barazani.

Nikaona huyu dawa yake udaku. Nikamwambia kisa cha Beethoven na George Bridgetower, mpiga fidla ambaye baba yake alikuwa na asili ya Afrika. Mei 24, 1803, wawili hao walipiga pamoja mjini Vienna sonata mpya ambayo Beethoven alimwandalia Bridgetower. Baadaye wakakorofishana. Bridgetower mwenyewe alisimulia kuwa chanzo kilikuwa msichana! Beethoven akalifuta jina la rafiki yake, sonata akampa Mfaransa Rodolphe Kreutzer, ambaye inasemekana hakuwahi kuipiga hata siku moja. Mpaka leo inaitwa Kreutzer. Mtafute David Oistrakh akiwa na Lev Oborin kwenye piano, rekodi ya 1962. Moto!

"Kumbe na hao wanagombania mademu?" jamaa akacheka. Akavuta kigoda.

Siku ya pili nikamwekea ya César Franck. Hii alimpa mpiga fidla Eugène Ysaÿe kama zawadi ya harusi mwaka 1886, na bwana harusi akaipiga sikuhiyohiyo. Itzhak Perlman na Vladimir Ashkenazy waliirekodi mwaka 1968, tamu kwelikweli. Jamaa akauliza, "Zawadi gani hiyo, hata sufuria hakuna?"

Iliyomkamata ni sonata ya kwanza ya Brahms, ambayo wengi huiita sonata ya mvua, kwa sababu ndani yake Brahms alitumia sauti ya wimbo wake mwenyewe kuhusu mvua. Sehemu ya mwisho piano inadondoka kama matone juu ya bati. Mtu wa Shinyanga hafanyi mzaha na mvua. Alisikiliza mpaka mwisho bila neno. Rekodi niliyomwekea ni ya Josef Suk na Julius Katchen, ya mwaka 1967.

Wiki chache baadaye simu ikaita alfajiri. Mdogo wake alikuwa akichimba kwenye machimbo ya wachimbaji wadogo. Duara lilikuwa limeporomoka. Kijana alitolewa kwenye kifusi akiwa ameshakata roho.

Jamaa alikwenda kuzika Shinyanga. Aliporudi aliketi kitandani na mabuti yake miguuni. Mimi maneno ya pole nilikuwa nimeyamaliza yote. Baa ikaendelea na singeli, karasha zikaendelea kusaga. Mara akasema taratibu, "Kaka, ile ya mvua. Weka."

Nikaweka. Ilipofika ile sehemu ya katikati, ya taratibu, akainama na kufunika uso. Ndipo nikamweleza kitu ambacho sikuwahi kumwambia. Brahms aliimalizia sonata hiyo mwaka 1879, mwaka aliofiwa na mtoto wake wa ubatizo, Felix Schumann, aliyekufa kwa kifua kikuu akiwa na miaka 24. Felix naye alikuwa akipiga fidla.

"Kumbe na yeye alitoka kuzika," akasema. Tukairudia mara tatu.

Kwa hiyo kijana mwenzangu, usiseme huu ni muziki wa Wazungu wenye suti. Kama unaona Vienna ni mbali, anzia nyumbani: bashraf, muziki wa ala tupu ambao kwa desturi hufungua onyesho la taarabu. Culture Musical Club ya Zanzibar, iliyoanzishwa mwaka 1958, ina albamu nzima iitwayo Bashraf. Sikiliza fidla zao, kisha nenda kwa Brahms. Utaona hujasafiri mbali.

Bando lako lisiishie kwenye vichekesho tu. Na jamaa yangu? Siku hizi akirudi haulizi tena nani kafa. Anauliza leo tunasikiliza ipi.