Fahamu: CRP, kipimo cha damu kinachosaidia kutenganisha bakteria na virusi

CRP ni nini?
Ni protini inayotengenezwa na ini mwili unapopambana na maambukizi au jeraha. Iligunduliwa New York mwaka 1930 kwa wagonjwa wa nimonia. Kwa kawaida bakteria huipandisha sana, virusi vingi huipandisha kidogo. Mgonjwa huchomwa kidoleni, na tone moja la damu hutoa majibu ndani ya dakika chache.

Kwa nini ni muhimu?
Mtoto anachemka, kipimo cha malaria kinaonyesha hana. Mara nyingi huondoka na antibayotiki, hata kama ana virusi ambavyo dawa hizo haziviui. Usugu wa dawa huanzia hapo. Katika utafiti uliofanyika Dar es Salaam kati ya 2014 na 2016, CRP na kipimo kingine, prokalsitonini, vilitumika pamoja na mwongozo wa kielektroniki kwa watoto wa chini ya miaka 5. Waliopewa antibayotiki walikuwa takriban 11 kati ya 100. Katika huduma ya kawaida, 95. Tofauti hiyo ni kubwa mno kupuuzwa.

Mipaka yake
Malaria nayo hupandisha CRP, na saa za mwanzo za ugonjwa inaweza kuwa bado chini. Majibu husomwa pamoja na dalili. Mwanao akiandikiwa antibayotiki, muulize daktari ameona nini.