Namba iliyofichwa, na namba tunazozitawanya wenyewe

Wapendwa, kuna swali linalorudi mara kwa mara baada ya ibada, huku Manika kama kule Dilala: mtu akinipigia na simu ikaandika «Numéro masqué», je, kweli hakuna awezaye kumjua? Wanaouliza zaidi ni akina mama wanaotukanwa usiku, na vijana wanaotishwa kwa ajili ya deni. Inafaa tulieleze jambo hili polepole, maana wengi wetu tunaogopa mahali pasipo na sababu, na tunaamini mahali ambapo tungepaswa kuogopa.

Simu inapopigwa, mtandao wa anayepiga hupeleka namba yake pamoja na simu hiyo. Anayetaka kujificha huandika #31# mbele ya namba anayoipiga, kama kampuni yake inaruhusu, au hubadilisha mipangilio ndani ya simu yake. Lakini namba haifutwi. Kwa kawaida inasafiri hadi mtandao wa anayepokea, ikiwa na alama inayosema: usimwonyeshe. Kwa hiyo Vodacom, Airtel au Orange inabaki na kumbukumbu ya namba ambayo wewe huioni, pamoja na saa na muda wa maongezi. Anayekutukana gizani amejificha mbele yako tu.

Basi mama anayetishwa asifute kitu katika simu yake. Aandike kwenye karatasi tarehe na saa kamili ya kila simu, kisha aende kuweka mashtaka kwa OPJ au parquet. Dukani kwa kampuni hawatampa namba ile, na mimi naona ni vizuri wasimpe. Ibara ya 31 ya Katiba yetu ya 2006 inalinda siri ya mawasiliano ya kila mtu, isivunjwe ila katika hali zilizowekwa na sheria. Kama mama huyu angepewa kwa kuomba tu, kesho mume mwenye wivu naye angeomba na kupewa.

Namba inayoonekana ndiyo inatunyang'anya pesa. Mfumo ambao makampuni ya simu yanatumia kuambizana habari za kila simu ulibuniwa miaka ya 1970 na 1980, wakati makampuni yalikuwa machache na kila moja iliamini neno la mwenzake. Leo mtu anayepita kwenye intaneti anaweza kuonyesha namba isiyo yake. Na mara nyingi mwizi hana haja hata ya ufundi huo. Anachukua kadi nyingine ya sim, anaweka picha ya mchungaji kwenye WhatsApp, anamwandikia mjane: «Mama, niko njiani Likasi, gari imeharibika, nitumie kitu kwa M-Pesa, nitarudisha kesho.» Isaka mzee aliitambua sauti ya Yakobo, lakini akaamini ngozi za mbuzi zilizokuwa mikononi. Picha ile ni ngozi ya mbuzi. Mjane akate, apige yeye mwenyewe namba ya mchungaji aliyokuwa nayo tangu zamani, amsikie.

Lakini mwizi alijuaje kwamba mama ni mjane, na mchungaji wake ni nani?

Nchi nyingine zilikuwa na kitabu kikubwa cha simu, chenye jina na namba ya kila mwenye simu, na asiyetaka kuandikwa aliomba aondolewe. Ufaransa waliiita «liste rouge», orodha nyekundu. Sisi hatuna kitabu hicho nyumbani, na bado namba zetu zinajulikana kupita kiasi. Kitabu chetu kimetawanyika. Kipande kiko kwenye kaye ya kabine, chini ya mwavuli, ambamo mara nyingi namba yako inaandikwa pamoja na kiasi cha pesa, na anayekufuata anaisoma akingoja zamu yake. Kipande kingine kiko Musompo kwenye madepo ya madini. Kipande kingine, samahani ndugu zangu, kimebandikwa kwenye mlango wa kanisa: majina ya kwaya, ya mashemasi, ya wajane wanaosaidiwa, kila mmoja na namba yake.

Kuna pia programu kama Truecaller, iliyoanza Sweden mwaka 2009. Inaonyesha jina la mpigaji hata kama hukuwahi kumwandika, na majina hayo kwa sehemu kubwa yametoka kwa watumiaji wenyewe. Ukimwandika mtu «Mama wa Kasulo mgonjwa», fikiri maneno hayo yanaweza kusomwa na nani. Kwenye tovuti ya Truecaller mtu anaweza kuomba namba yake iondolewe. Watu wetu wachache wanajua hilo.

Kikundi cha WhatsApp ndicho kinanisumbua zaidi. Kila aliyeingizwa anaona namba za wote, hata yule aliyeletwa jana na hatujui anasali wapi. Kwa matangazo ya ibada hakuna haja ya kikundi. Kuna orodha ya kutuma kwa wengi, ambayo kila mtu hupokea peke yake bila kuona wengine, mradi awe amehifadhi namba ya anayetuma. Kuna pia chaneli, ambamo wafuasi hawaonani namba. Orodha ya wajane iwe kwenye daftari la shemasi mmoja, kabatini, si mlangoni. Na katibu asitoe namba ya mtu kwa anayeuliza. Achukue namba ya anayeuliza, ampelekee mwenyewe, achague kupiga au kunyamaza.

Neno moja kwa wanaotembelea mama aliyekimbia kipigo nyumbani, au aliyebaki humo. Baadhi yetu wanafikiri kumpigia kwa namba iliyofichwa ni kumlinda. Mume anayekagua simu kila jioni, akikuta «Numéro masqué», hataona huruma ya kanisa, ataona mwanaume mwingine. Muulizeni kwanza yeye mwenyewe: tukupigie saa ngapi, na kwa simu ya nani?