Anahema

Kwenye benchi la zahanati, mama mmoja alikuwa amempakata mwanawe wa miezi minane. Nesi alipomuuliza mtoto ana nini, alijibu neno moja tu: "Anahema."

Nesi hakudadisi zaidi. Alimfunua mtoto fulana, akaikodolea macho saa ya mkononi na kuhesabu kifua kikipanda na kushuka, dakika nzima. Kwa mtoto wa umri ule, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni dalili ya nimonia. Akishatimiza mwaka, hadi kufikia mitano, ni 40. Mama hakuwa na saa wala hesabu hiyo. Neno alikuwa nalo, na lilitosha kumtoa nyumbani alfajiri.

Kupumua tunapumua sote, hata usingizini. Kuhema ni pumzi iliyogeuka kazi. Anahema msukuma mkokoteni aliyepandisha mlima na magunia. Anahema mbwa, ulimi nje, jua la saa nane. Kutweta kunakaribia hapo, lakini masikioni mwangu anayetweta ametoka mbioni na atatulia sasa hivi. Anayehema huenda hajainuka hata kitandani.

Neno lenyewe limetembea. Timu iliyozidiwa dakika za lala salama inahemea juu juu. Kampuni inayoishi kwa mikopo inahemea mashine, usemi uliotoka wodini ukaingia magazetini. Mambo yakimwelemea mtu asijue aanzie wapi, amehemewa. Halafu kuna kule kuhemea kwa wazee wetu: kutoka kwenda kusaka chakula wakati wa njaa, kijiji hadi kijiji. Nikimfikiria mtu anayerudi jioni na debe la mahindi kichwani, naona neno limekaa mahali pake.

Ndiyo maana mwaka 2021, wakati wa korona, ulinikera. Hapa Tanzania matangazo ya misiba yalijaa "changamoto ya upumuaji". Maneno ya ofisini, hayana kifua ndani yake. Ukienda kuhani, waliomuuguza marehemu walikaa mkekani wakasimulia kwa Kiswahili chao: alihema tangu magharibi, akaomba akalishwe, wakamwegemeza kwa mito miwili, dirisha wakalifungua, naye akawa anahema tu, anahema, mpaka adhana ya alfajiri.