Mkono wa Birika: Rekodi za Wenye Timu, Kuanzia Kilwa

Kila dirisha la usajili likifunguliwa, ugomvi ni uleule: tajiri wa timu ni bahili, au anajua hesabu? Leo tuuhamishie kwenye mpira wa kikapu. Lakini nipo Kilwa Masoko, na siwezi kuufungua mjadala huu bila kutazama ng'ambo ya mlango wa bahari, mwendo mfupi wa mashua kutoka gatini. Rekodi mbili za mwanzo zipo kule Kisiwani.

Mtoaji mkubwa kuliko wote

Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Msafiri Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 alikuta watu wakimwita Abu al-Mawahib, baba wa vipawa. Anasimulia kwamba fakiri mmoja kutoka Yemen alimsimamisha sultani siku ya Ijumaa, wakati anatoka kuswali, akamwomba nguo alizovaa mwilini. Sultani akaingia nyumbani kwa khatibu, akavaa nyingine, akampa zile. Mwanawe akazikomboa kwa watumwa kumi. Sultani aliposikia jinsi mji unavyomsifu, akaamuru fakiri aongezewe watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Watumwa, ndiyo. Ukarimu ule ulilipwa kwa maisha ya watu wengine, na sioni kwa nini sifa zifunike hilo.

Ni huyu huyu mwenye Husuni Kubwa, jumba la vyumba zaidi ya 100 juu ya jabali, lenye birika la kuogea la pembe nane.

Mkono mgumu kuliko yote

Birika alijenga Hasan. Mkono wa birika akaachiwa nduguye, Daud. Kwa maelezo ya Ibn Battuta, mwombaji akibisha hodi kwa Daud alijibiwa kwamba mtoaji ameshazikwa na hakuacha cha kutolewa. Wageni walikaa miezi, kisha wakapewa kidogo, mpaka watu wakaacha kwenda mlangoni kwake.

Basi Daud ameingia vitabuni kama bahili. Ila msimulizi alikuwa mgeni, na mgeni humpima mwenyeji kwa zawadi. Wanaakiolojia waliochimba Husuni Kubwa wanaona jumba lile halikumalizika kujengwa. Mtu aliyerithi jengo lisilokwisha na foleni ya waombaji ana haki ya kuuliza hazina imebaki na nini. Mimi simtii hatiani.

Bahili aliyelipwa vizuri kuliko wote

Donald Sterling. Aliinunua Clippers mwaka 1981 kwa dola milioni 12.5. Kwa zaidi ya miaka 30 timu yake haikufika fainali ya kanda hata mara moja. Mwaka 2014 alifungiwa maisha na ligi ya NBA kwa maneno ya kibaguzi, na timu ikauzwa kwa Steve Ballmer kwa dola bilioni 2, bei ambayo wakati ule hakuna timu ya NBA iliyowahi kuifikia. Huyu hana la kujadiliwa. Tupite.

Mwenye timu mgumu kuhukumiwa kuliko wote

Hapa ndipo Mtanzania anapohusika. Michael Heisley aliinunua Grizzlies mwaka 2000, ikiwa bado Vancouver, kwa dola milioni 160, na mwaka uliofuata akaihamishia Memphis. Februari 2008 akaridhia Pau Gasol, nyota wa timu, aende Lakers. Kelele zilizopigwa hazikuwa ndogo. Gregg Popovich, kocha wa San Antonio, alitamani iwepo kamati ya kufuta biashara za namna ile. Lakers wakabeba ubingwa wa 2009 na 2010.

Lakini ndani ya kifurushi kilichokwenda Memphis kulikuwa na haki za kijana aliyeteuliwa nambari 48, mdogo wake Pau, Marc Gasol. Mwaka 2013 Marc akawa mlinzi bora wa NBA na Memphis ikacheza fainali ya kanda ya Magharibi.

Katikati ya hayo, Juni 2009, Memphis ikatumia nafasi ya pili ya uteuzi kumchukua Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, sentimita 221, Mtanzania wa kwanza kufika NBA. Nambari tatu ilikuwa James Harden, nambari saba Stephen Curry. Februari 2010 Thabeet akapelekwa ligi ya chini, Dakota Wizards, na kuweka rekodi asiyoitaka: hadi wakati ule hakuna aliyeteuliwa juu kiasi kile aliyewahi kushushwa huko. Wapo wanaomlaumu Heisley kwa ubahili hata kwa hili. Hapana. Nafasi ya pili ina mshahara wa juu, hailipiwi na mtu anayebana. Walikosea kuchagua tu.

Ubahili uko kwingine. Kiangazi cha 2010 Heisley alimpa Rudy Gay mkataba wa miaka mitano wa zaidi ya dola milioni 80. Kiangazi hichohicho akagoma kuwalipa vijana wawili wapya, Xavier Henry na Greivis Vasquez, ile asilimia 20 ya nyongeza ambayo timu huwapa wageni wa ligi kwa mazoea. Alitaka waifanyie kazi kwanza kwa kutimiza masharti. Mvutano ukaenda hadi Septemba, mwisho akalegeza. Mamilioni kwa nyota, kisha kubishana na vijana kwa chenji! Hapo mkono wa birika hauna utetezi. Kwa Pau, nampa Heisley ushindi, ingawa tunda hakulila yeye: aliiuza timu mwaka 2012 kwa takriban dola milioni 377, na fainali ile ya kanda ikachezwa chini ya mwenye timu mpya, Robert Pera.

Akiba ndogo iliyogharimu kuliko zote

Julai 2012 Thabeet alijiunga na Oklahoma City Thunder, akakutana na Harden, yule aliyeteuliwa nyuma yake. Hawakukaa pamoja. Oktoba, siku chache kabla ya msimu, Oklahoma ilimpeleka Harden Houston baada ya kushindwana naye kwa dola milioni chache zilizogawanywa katika miaka minne. Mwaka 2018 Harden akawa mchezaji bora wa NBA, akiwa na jezi ya Houston.

Watetezi wa Oklahoma wataleta ubingwa wa 2025. Ubingwa ule uliongozwa na Shai Gilgeous-Alexander, aliyekuja mwaka 2019 kwa biashara ya Paul George, si kwa akiba ya Harden. Daud wa Kilwa nimemwachia. Hawa nawaandika mabahili.