Hivi ndivyo sentensi moja fiti inaweza kukuletea doo yako

Umefanya jobo, mwezi umeisha, bosi amenyamaza. Unafungua WhatsApp unaandika: "Habari, natumai uko salama. Ningependa kuulizia kuhusu suala la malipo ambalo bado halijaweza kushughulikiwa."

Manze, nani amekalia doo yako hapo? Hiyo sentensi haina mtu. Ni kama malipo yenyewe ndiyo yamekataa kushughulikiwa, na bosi anasoma akiendelea na chai yake.

Sasa jaribu hii: "Hamjanilipa ya Machi."

Cheki hilo neno la kwanza polepole. Ha- inakana. -m- ni nyinyi, yaani bosi na ofisi yake yote. -ja- inasema bado. -ni- ni wewe mwenye njaa. -lip- ndiyo kitendo, -a inafunga mlango. Kizungu kingetumia maneno kama matano kubeba huo mzigo. Kiswahili kimekupakilia kwa neno moja, halafu wewe unaenda kutafuta "suala la". Aki!

Tena angalia vizuri hiyo -ja-. Ukiandika "Hamkunilipa", stori imeisha, unasikika kama mtu ako njiani kwenda kotini. Lakini "Hamjanilipa" inamwachia bosi nafasi ya kutuma leo. Ni herufi mbili tu, na adabu yote imekaa hapo.

Mpangilio nao una maneno yake. "Ya Machi hamjanilipa" inasikika kama Februari mlimalizana. Kama hamkumalizana, usianze hivyo.

Shule ilituzoesha vibaya kiasi. Insha ya KCSE ni alama 40, insha mbili za 20 kila moja, so kila mtu alimeza mapambo: jogoo la kwanza, jua la utosi, kijasho chembamba. Yaani kijiji kizima cha majogoo, na mwandishi amezaliwa Umoja. Andika kitu umeona na macho yako. "Makanga alinirudishia noti ya hamsini imelowa jasho." Hapo msomaji ameshaingia mat na wewe, na hujatumia hata sifa moja ya kuringia.

Ukimaliza, isome kwa sauti, hata kama mbogi itakucheka. Pumzi ikiisha kabla ya nukta, igawe mara mbili. Halafu mtumie bosi asubuhi, kabla aanze kusema ako kwa mkutano.